Tulwop Kony: Jina la Kikalenjin la Mlima Elgon na uzito wake kwa wakazi wa Litein

MLIMA Elgon hauonekani kutoka Litein. Kati ya mji huo wa majani chai, ulio katika Kaunti ya Kericho karibu na mpaka wa Bomet, na vilele vya mlima huo pana takriban kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Katikati yake yamelala bonde la Nyando, milima ya Nandi na nyanda za Bungoma. Mkazi wa Litein anayeinua macho huona miinuko ya Mau upande wa mashariki, na ndiyo inayompa mvua na mito.

Hata hivyo, wazee wa Kipsigis wanapoulizwa kuhusu asili ya jamii yao, aghalabu huutaja mlima huo wa mbali kabla ya kuitaja Mau. Nao hawauiti Elgon. Huuita Tulwop Kony.

Jina hilo halimo katika ramani nyingi zinazouzwa madukani, wala si jina rasmi katika vitabu vya jiografia. Lakini limebeba maelezo ambayo neno Elgon haliyatoi wazi: mlima ni wa nani, nani alipita hapo, na ni kwa nini watu wanaoishi mbali nao wanaendelea kuuhesabu kuwa wao. Katika nchi ambamo mabishano ya ardhi hufika mahakamani kila mara, maelezo ya aina hiyo si pambo la masimulizi ya jioni pekee.

Mlima wenyewe

Elgon ni volkeno iliyozimika, na imekaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda. Si kilele kimoja kilichochongoka kama sindano. Ni mlima mpana mno, wenye vilele kadhaa vinavyozunguka shimo kubwa lililobaki baada ya sehemu ya juu kuporomoka. Kitako chake kina kipenyo cha takriban kilomita 80, na shimo hilo la juu lina upana wa takriban kilomita 8.

Kilele kirefu kuliko vyote ni Wagagai, chenye mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, nacho kiko upande wa Uganda. Upande wa Kenya kipo Koitobos, chenye mita 4,222 na kichwa bapa kama meza. Vilele vingine vinavyojulikana ni Sudek na Mubiyi. Kwa urefu, Elgon ni wa pili nchini Kenya baada ya Mlima Kenya. Kwa umri, unaupita Kilimanjaro kwa mamilioni ya miaka, na wanajiolojia wanaamini kuwa zamani ulikuwa mrefu zaidi kabla ya mvua na upepo kuumomonyoa.

Mlima huo ni chemchemi ya mito mingi. Mto Suam huanzia ndani ya shimo la juu, hutoka kupitia ufa wa upande wa mashariki, kisha hugeuka kuwa Turkwel na kumwaga maji yake katika Ziwa Turkana. Mto Kuywa, pamoja na baadhi ya matawi mengine ya Nzoia, huteremka kuelekea Ziwa Victoria. Kwa sababu hiyo Elgon huhesabiwa miongoni mwa minara mitano mikuu ya maji ya Kenya, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Cherangany na Mau.

Sehemu ya mlima iliyo Kenya ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968. Uganda ilifanya vivyo hivyo kwa upande wake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliutambua upande wa Kenya kuwa hifadhi ya biolojia mwaka 2003 na upande wa Uganda mwaka 2005.

Umaarufu mwingine wa mlima huo umetokana na mapango yake, yakiwemo Kitum na Makingeny. Ndovu huingia ndani ya giza la mapango hayo usiku, huvunja kuta kwa pembe zao na kula mawe yenye chumvi. Pango la Kitum lilipata sifa ya kutisha pia, baada ya watu wawili waliolizuru, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, kuugua na kufa kutokana na homa ya Marburg. Wanasayansi baadaye walibaini kuwa virusi vya ugonjwa huo huhifadhiwa na aina ya popo wanaoishi mapangoni.

Maana ya jina

Katika Kikipsigis, kama ilivyo katika lahaja nyingine za Kikalenjin, tulwet ni mlima au kilima. Kiungo kinachofuata, ambacho huandikwa ab, ap au op kwa kutegemea lahaja na mwandishi, hufanya kazi ya neno "wa" katika Kiswahili. Kony ni jina la watu. Tulwop Kony basi ni Mlima wa Wakony.

Wakony ni mojawapo ya jamii zinazojumuishwa katika jina la Wasabaot, pamoja na Wabok na Wabong'omek. Ndugu zao wa upande wa Uganda ni Wasabiny, wanaoishi katika wilaya za Kapchorwa, Kween na Bukwo. Wakony walikaa kwenye miteremko ya kusini ya mlima, na hadi enzi za ukoloni baadhi yao walikuwa wakiishi pamoja na mifugo yao ndani ya mapango.

Muundo wa jina hilo haumpi taabu msomaji wa Litein. Ni muundo anaoukuta katika majina yanayomzunguka kila siku. Kiungo hicho hicho kimo katika Emetab Burgei, jina la nchi ya joto ambayo masimulizi ya kale huitaja kuwa chimbuko la Wakalenjin huko kaskazini. Emet ni nchi. Vilevile, neno koita, yaani jiwe, linalosikika katika jina la kilele cha Koitobos, ndilo lililomo katika jina la Koitalel, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905.

Ushahidi mwingine umo katika majina ya watu. Stephen Kiprotich, aliyeshinda dhahabu ya marathon katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, aliyenyakua dhahabu ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni raia wa Uganda kutoka miteremko ya Elgon. Lakini majina yao yangeitwa katika darasa lolote la Litein au Kapkatet bila mwalimu kusitasita, kwa kuwa Kip na Chep ni viambishi vile vile vinavyotumiwa na Wakipsigis.

Macho mengine, majina mengine

Mlima mkubwa huonwa na watu wengi, na kila jamii huupa jina kwa kutegemea inapousimamia. Wagisu wa Uganda huuita Masaaba, jina la babu wanayemhesabu kuwa mwanzilishi wa taifa lao. Lugha yao yenyewe huitwa Lumasaaba. Katika masimulizi yao, Wagagai alikuwa mke wa Masaaba, na ndiyo maana kilele kirefu kabisa kimebeba jina lake. Wabukusu wa Bungoma, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Lumasaaba, nao huhusisha historia yao na mlima huo.

Wamaasai, waliokuwa wakipita katika nyanda za Uasin Gishu na Trans Nzoia na mifugo yao, waliutazama kutoka mbali. Kutoka huko mlima unaonekana kama uvimbe mpana usio na ncha kali. Jina Ol Doinyo Ilgoon, ambalo hufasiriwa kuwa mlima wenye umbo la kifua au matiti, linalingana na mtazamo huo.

Hapa ndipo penye mjadala kuhusu neno Elgon. Wapo wanaoshikilia kuwa limetokana na Ilgoon ya Wamaasai. Wengine hulifungamanisha na El Kony, yaani jina la Wakony kama lilivyotamkwa na majirani na wasafiri waliotanguliza kiambishi cha Kimaasai. Katika maandishi ya kikoloni, Wakony wenyewe mara nyingi waliitwa Elgonyi. Ikiwa maelezo hayo ya pili ndiyo sahihi, basi Elgon na Tulwop Kony ni jina moja lililopitia njia mbili: moja kupitia kinywa cha mwenyeji, na nyingine kupitia masikio ya mgeni.

Jinsi Elgon lilivyoingia katika ramani

Mskoti Joseph Thomson alifika kwenye miteremko ya kusini ya mlima huo mwaka 1883, katika safari yake kutoka pwani kupitia nchi ya Wamaasai. Aliyaona mapango na kuyaandika katika kitabu alichokichapisha mwaka 1885. Hakuamini kuwa yangeweza kuwa kazi ya wenyeji, akayahusisha na taifa la kale kutoka mbali. Leo inajulikana kuwa mapango hayo yametokana na maji pamoja na ndovu na wanyama wengine walioyapanua kwa karne nyingi wakitafuta chumvi.

Mwaka 1890, Frederick Jackson na Ernest Gedge, waliokuwa maajenti wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, walipanda mlima huo hadi kwenye shimo lake la juu. Tangu wakati huo jina Elgon likakaa katika ramani, na kutoka katika ramani likaingia katika sheria, shule na ofisi za serikali.

Ndivyo milima mingi ya Afrika Mashariki ilivyopata majina yake rasmi. Mmishonari Ludwig Krapf alipouona Mlima Kenya mwaka 1849 akiwa nchi ya Ukambani, alilichukua jina kama alivyolisikia kwa Wakamba. Jina la Kirinyaga, linalotumiwa na Wakikuyu wanaoishi chini ya mlima wenyewe, halikuingia katika ramani. Lau angefika kupitia upande mwingine, huenda nchi nzima leo ingeitwa kwa jina tofauti kidogo.

Jambo ambalo wengi wa kizazi cha leo hawalijui ni kwamba Litein na Elgon ziliwahi kuwa katika himaya moja ambayo haikuwa Kenya. Hadi mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha, na nchi ya Wakipsigis ilihesabiwa humo. Mwaka huo Waingereza waliuhamishia mkoa huo katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka uliowekwa ukapita juu ya mlima, ukawaacha Wasabiny upande mmoja na Wakony upande wa pili. Kalamu iliyochora mpaka huo haikuwa na habari za Tulwop Kony.

Kwa nini Wakipsigis wanautaja

Masimulizi ya Wakalenjin yanatofautiana katika mengi, lakini mengi yake yanakubaliana kuhusu mkondo mmoja mkuu. Mababu walitoka Emetab Burgei, nchi ya joto na ukame. Wakateremka kusini hadi Tulwop Kony, ambako walikaa kwa muda, kisha wakatawanyika. Wakony na wenzao walibaki mlimani. Wengine wakaelekea Cherangany, bonde la Kerio, Tugen na Nandi. Waliokuja kuitwa Wakipsigis, baadhi ya masimulizi yanaeleza, waliishi pamoja na Wanandi upande wa Rongai kabla ya kutengana na kusogea kusini hadi Kericho, Bureti na Sotik.

Katika eneo la Londiani, kwenye njia hiyo ya kuja kusini, kipo kilima ambacho Wakipsigis hukiita Tulwop Kipsigis. Majina hayo mawili yakiwekwa pamoja, Tulwop Kony na Tulwop Kipsigis, yanasomeka kama vituo viwili vya safari moja: pale jamii ilipokuwa bado ni tawi la familia kubwa, na pale ilipojihesabu kuwa taifa lenye jina lake.

Wanahistoria hawakuyapokea masimulizi haya kwa namna moja. Christopher Ehret, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1971 kuhusu historia ya Waniloti wa kusini, alilinganisha maneno ya lugha mbalimbali ili kufuatilia mienendo ya watu hao, na eneo linalouzunguka mlima huo lina nafasi kubwa katika maelezo yake. Henry Mwanzi, katika kitabu chake kuhusu historia ya Wakipsigis kilichotoka mwaka 1977, alitilia mkazo kwamba jamii hiyo iliundika kwa kuchanganyika kwa watu wa asili mbalimbali katika nchi wanayoishi sasa, na akaonya dhidi ya kuifanya historia yote kuwa safari moja ya kundi moja.

Mitazamo hiyo miwili si lazima ipingane. Lugha inaweza kuwa imetoka upande wa mlima, ilhali damu za wanaoizungumza zimetoka pande nyingi. Wengi wa walioingia katika jamii ya Kipsigis, wawe Wagusii, Wamaasai au Waogiek, waliipokea lugha pamoja na kumbukumbu zake, Tulwop Kony ikiwemo.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba jina Kalenjin lenyewe ni changa. Lilishika kasi katika miaka ya 1940, kutokana na maneno ya "nawaambia" yaliyotumiwa katika matangazo ya redio wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na likakumbatiwa na wanafunzi waliokuwa katika Shule ya Upili ya Alliance. Jina Sabaot nalo lilienea katika kipindi kisicho mbali na hicho. Viongozi waliotafuta umoja wa jamii hizo walihitaji jina jipya. Mahali pa kukutanisha kumbukumbu zao palikuwapo tayari, nako ni mlimani.

Mosop na Soy

Wakalenjin wana maneno mawili ambayo msikilizaji wa Litein hayahitaji kufafanuliwa. Mosop ni nchi ya juu, yenye baridi na misitu. Soy au soi ni nchi ya chini, yenye joto. Wakipsigis waliigawa nchi yao kwa misingi hiyo, na jina la Soin, kata iliyo upande wa chini wa Kaunti ya Kericho kuelekea nyanda za Kano, ni kumbukumbu hai ya mgawanyo huo.

Katika Mlima Elgon, maneno hayo mawili yalikuja kubeba uchungu. Jamii iliyoishi kwenye nyika za juu za Chepkitale, ambayo hujitambulisha kuwa Waogiek na pia huitwa Mosop, iliondolewa huko baada ya sehemu za mlima kutengwa kwa ajili ya wanyama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilianzisha makazi ya Chepyuk kwenye msitu wa chini ili kuwapa ardhi. Ugavi wa ardhi hiyo ulizua mvutano kati ya Mosop na Soy, na kila awamu iliyofuata iliacha watu walioona wamedhulumiwa.

Mwaka 2006 mzozo huo ulizaa kundi la wapiganaji lililojiita Sabaot Land Defence Force. Mamia ya watu waliuawa na maelfu kutoroka makwao. Machi 2008 jeshi lilipelekwa mlimani katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, nayo ikaacha malalamiko ya mateso na watu kutoweka. Maneno yaliyokuwa yakieleza tu mahali penye baridi na mahali penye joto yakawa alama ya nani yuko upande gani.

Jina mbele ya mahakama

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, inahesabu ardhi za mababu na ardhi zilizokaliwa na jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Kifungu hicho kimeipa historia uzito mpya, kwani anayedai ardhi ya mababu lazima aeleze mababu hao walikuwa wapi na waliitumiaje. Katika maelezo ya aina hiyo, majina ya mito, vilima, mapango na malisho huwa ni sehemu ya ushahidi. Mtu hawezi kuwa na majina mia ya mahali ambapo hajawahi kuishi.

Mnamo Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwa manufaa ya Waogiek wa Mlima Elgon katika kesi waliyopinga kugeuzwa kwa Chepkitale kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Karibu zaidi na Litein, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha ilitoa hukumu mnamo Mei 26, 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek wa msitu wa Mau kwa kuwafurusha. Juni 23, 2022, mahakama hiyo iliagiza walipwe fidia ya zaidi ya Sh157 milioni.

Wakipsigis wenyewe wana funzo lao kuhusu majina na ardhi. Wakoloni walipotwaa ardhi ya Kericho na kampuni kubwa kuanza kupanda chai katika miaka ya 1920, na ukoo wa Talai ulipohamishiwa Gwassi kwa sheria ya mwaka 1934, majina mengi ya mahali hayakuondoka pamoja na wenyewe. Chagaik na Kimugu yaliendelea kuandikwa katika vitabu vya kampuni. Ardhi ilibadilisha mikono, lakini jina lilibaki likimtaja aliyelitoa.

Wenzetu wa mabara mengine

Suala hili halihusu Afrika Mashariki pekee. Katika Andes, safu ya milima ya Amerika Kusini, wazungumzaji wa Kikechua wamehifadhi majina ya mamia ya milima. Mlima ulio juu ya mji wa Potosí nchini Bolivia wao huuita Sumaq Urqu, yaani mlima mzuri. Wahispania, baada ya fedha kupatikana humo mwaka 1545, waliuita Cerro Rico, mlima wa utajiri. Jina moja lilisifu sura ya mlima, jingine likahesabu kilichomo tumboni mwake. Wenyeji walilazimishwa kuingia migodini, na wengi walifia humo.

Mlima mrefu kuliko yote duniani ulipewa mwaka 1865 jina la mpimaji George Everest, ingawa Watibeti walikuwa na jina lao, Chomolungma. Nchini Marekani, serikali iliurudishia mlima mrefu kuliko yote nchini humo jina la wenyeji, Denali, mwaka 2015. Januari 2025 serikali nyingine ikaurejeshea jina la Rais McKinley. Mifano hiyo inaonyesha kuwa jina la mlima huamuliwa na aliye na mamlaka ya kuandika, na kwamba uamuzi huo unaweza kutenguliwa.

Nchini Kenya hakujawa na haja ya kugombania jina rasmi la Elgon kwa ukali huo. Jina hilo limezoeleka pande zote mbili za mpaka, limeingia katika majina ya shule na eneobunge, na Masaaba na Tulwop Kony yote yana haki yake. Kuchagua moja na kuyafuta mengine kungekuwa kurudia kosa lile lile la wachora ramani.

Kinachohitajika ni jambo dogo zaidi: mwanafunzi wa Litein anayefundishwa kuwa Elgon ina mita 4,321 afundishwe pia kuwa lugha ya nyumbani kwao ina jina la mlima huo, na kwamba jina hilo linamtaja jirani na ndugu. Mtaala wa shule tayari unaruhusu lugha ya mama katika madarasa ya chini, na kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka Serikali kukuza lugha za wenyeji. Vijiji havijakosa wazee wa kusimulia, ingawa idadi yao hupungua kila mwaka.

Faida yake si ya kihistoria tu. Mnamo Machi 1, 2010, maporomoko ya udongo katika wilaya ya Bududa, upande wa Uganda wa mlima, yaliwaua watu zaidi ya 300 kwenye miteremko iliyojaa makazi na mashamba. Miteremko ya Mau, inayowapa wakulima wa chai wa Litein mvua na mito ya Itare na Kipsonoi, nayo imepoteza misitu mikubwa. Watu waliotofautisha mosop na soi walijua kuwa nchi ya juu haitumiwi kama nchi ya chini. Anayelisahau neno hilo hupoteza pia kipimo kilichokuwa ndani yake.